Wasomaji Wanauliza: Makorongo ya Jangwani na Nyanda za Chumvi

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu kutembea kwenye makorongo ya jangwani, kukwea kuta zake kwa mikono na miguu, na kuvuka nyanda za chumvi. Wengi wenu mmetaja Death Valley, bonde la jangwa lililo hifadhi ya taifa huko California, Marekani. Wengine mnaelekea Utah na Arizona. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu wahariri, tutakuwa watu watatu Death Valley mwezi wa Machi. Mmoja kasoma kwamba lita mbili za maji zinatosha, mwingine anasisitiza lita nane. Nani yuko sahihi? Na je, maji matupu yanatosha? S.K.

JIBU: Ndugu S.K., hesabuni kwa saa, msihesabu kwa siku. Asubuhi yenye ubaridi, kwenye njia ya kawaida, nusu lita kwa saa humtosha mtu mzima. Jua likishapanda na joto kupita nyuzi 30, mtu anayekwea anahitaji robo tatu hadi lita nzima kwa saa. Safari ya saa sita kwenye joto hilo basi ni kati ya lita nne na nusu na sita. Ongezeni lita moja ya akiba isiyoguswa mpaka mambo yaharibike. Uongozi wa hifadhi unataja lita 4 kwa mtu kwa siku, lakini hicho ni kima cha chini, na anayetoa jasho anahitaji zaidi. Ndani ya gari muache lita nne nyingine kwa kila mmoja, kwa sababu watu wengi hurudi garini wakiwa wakavu kabisa na bado wana safari ndefu ya barabarani.

Msiweke maji yote kwenye mfuko mmoja wa plastiki wenye mrija. Korongoni begi husuguana na miamba, mfuko hutoboka, na mwenye begi hugundua mgongo ukishalowa. Gaweni maji kwenye chupa ngumu za lita moja moja. Hapo hata kujua mmetumia kiasi gani ni rahisi: theluthi ya kwanza ikiisha, geukeni, hata kama mwisho wa korongo unaonekana uko karibu. Theluthi ya pili ni ya kurudia na ya tatu ni ya dharura.

Kuhusu chumvi, swali lako ni la maana kuliko wengi wanavyodhani. Jasho hutoka na chumvi ya mwili. Anayekunywa maji matupu kwa wingi bila kula chochote huzimua chumvi iliyobaki kwenye damu, na hali hiyo inaweza kuua. Dalili zake, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hufanana na za mtu aliyekaukiwa maji, ndiyo maana wenzake humzidishia maji wakidhani wanamsaidia. Angalieni tofauti: huyu amekunywa sana, mkojo wake ni mwingi na mweupe, vidole vimevimba hadi pete inabana. Msivuke lita moja na nusu kwa saa, hata kiu ikiwa kali. Kunyweni mafunda machache kila dakika 15 au 20, na kuleni vitu vyenye chumvi njiani. Mchanganyiko wa sukari na chumvi mnaweza kuutengeneza wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Msizidishe chumvi, maana mchanganyiko mkali huvuta maji kutoka mwilini na kuwazidishia kiu.

Vidimbwi vya kwenye uwanda wa chumvi visiingie kabisa kwenye hesabu zenu. Kichujio cha safarini huzuia vijidudu na tope. Chumvi iliyokwisha kuyeyuka hupita nayo moja kwa moja.

SWALI: Tumepanga kupita korongo jembamba huko Utah mwezi wa Agosti. Utabiri wa hali ya hewa unaonyesha jua, lakini rafiki yangu anasema jua au si jua, yeye haingii. Anaogopa bure? N.W.

JIBU: Dada N.W., msikilize rafiki yako. Mvua inayoua watu korongoni mara nyingi hainyeshi juu ya vichwa vyao. Tarehe 12 Agosti 1997 watu 11 walikufa Lower Antelope Canyon, Arizona, kwa maji ya dhoruba iliyonyesha mbali, upande wa juu wa korongo. Tarehe 14 Septemba 2015 watu saba waliokuwa ndani ya Keyhole Canyon, katika hifadhi ya Zion, walifagiliwa wote.

Jangwani udongo ni haba na mwamba uko wazi, kwa hiyo maji hayazami. Kila tone linalodondoka kwenye eneo lote la juu hutafuta njia ileile moja. Chukua mkondo wenye upana wa mita 30 na kina cha sentimita 15, maji ya kufika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Yakiingia kwenye mwanya wa mita moja kwa kasi ileile, kina chake huwa mita nne na nusu. Hayo si maji ya kuogelea, kwani yamebeba magogo, mawe na tope zito. Na hata zile sentimita 15 za mwanzo, zikienda kasi, humwangusha mtu mzima.

Kwa hiyo utabiri wa mahali mtakapoingilia hausaidii sana. Fungua ramani, fuata korongo kuelekea juu pamoja na matawi yake yote hadi kwenye vilele yanakoanzia, kisha tafuta utabiri wa huko juu. Kwa hifadhi kama Zion, idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa kila siku kiwango cha uwezekano wa mafuriko ya ghafla, na walinzi wa hifadhi watakuambia ukiuliza. Msimu mbaya wa eneo hilo ni Julai hadi katikati ya Septemba, wakati mawingu ya mvua huanza kujikusanya adhuhuri na kumwaga alasiri. Sisi tungewashauri msogeze safari hadi Oktoba. Kama tarehe haisogei, chagueni korongo pana lenye kingo za kupandika kila baada ya hatua chache, ingieni alfajiri, na mtoke kabla ya saa sita mchana.

Mkiwa ndani, inueni macho mtazame kuta. Matawi makavu na nyasi zilizokwama juu ya vichwa vyenu zinaonyesha maji ya mwisho yalifika wapi. Kila mnapopita kituo cha kupanda juu ya alama hiyo, kikumbukeni, na jueni mwendo wa kukirudia ni dakika ngapi. Maji yaliyokuwa maangavu yakigeuka rangi ya udongo, vijiti vikianza kuelea, upepo wa ghafla ukivuma kutoka juu ya korongo, au mkisikia mngurumo usiokoma kama wa lori zito, pandeni hapo hapo. Msijaribu kukimbia kuelekea chini kwa kuwa maji yatawapata. Acheni mabegi ikibidi. Kisha subirini huko juu, maana wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Maji yakipungua na kuanza kutakata ndipo muteremke, na huenda ikawa ni baada ya saa kadhaa au kesho yake.

Msidhani Death Valley imesalimika kwa sababu ya ukavu wake. Tarehe 20 Agosti 2023 Furnace Creek, makazi yaliyo ndani ya bonde hilo, ilipata milimita 56 za mvua kwa siku moja, karibu sawa na mvua yake ya mwaka mzima.

SWALI: Nilipanda ukuta wa urefu kama mita tatu bila taabu yoyote. Kushuka nikakwama juu kwa muda mrefu mpaka wenzangu wakaja kunisaidia. Kosa langu lilikuwa nini? J.M.

JIBU: Kaka J.M., ulipanda kabla ya kujua utashukaje. Hili ndilo linalowakwamisha watu wengi korongoni, na wenye nguvu za mikono ndio hunasa zaidi.

Unapopanda, macho yako yako karibu na mikono, na pa kushika unapaona kabla hujapagusa. Unaposhuka, miguu ndiyo inayotangulia, nayo iko mbali na macho; tumbo na magoti vinaziba mwonekano, na kila hatua inaanza kwa kuuning'iniza mguu hewani ukitafuta kitu usichokiona. Juu ya hayo, mkwezi aliyechoka hujiegemeza ukutani akidhani anajilinda, kumbe anasukuma miguu yake itoke kwenye vikanyagio. Kiuno kikae mbali kidogo na mwamba ili uzito uende wima kwenye soli.

Jaribio lenyewe ni dogo. Panda hatua mbili tu, kisha shuka hizo mbili. Kama kushuka kumekutia wasiwasi ukiwa nusu mita kutoka chini, huko mita tatu kutakuwa kubaya zaidi. Ukuta ukiwa wima, shuka ukiutazama. Ukiwa umelala, geuka nje, kaa chini, utumie viganja na makalio. Wakati wote viungo vitatu viwe vimeshika, kimoja ndicho kinachotembea. Wala usiruke. Mita mbili zinaonekana si kitu, lakini chini ya changarawe laini ya korongoni kuna mawe ya ukubwa wa ngumi, na kifundo kikivunjika kilomita tano ndani ya korongo, mnakuwa na siku nyingine kabisa.

Kabla ya kuuamini mwamba, ujaribu kwa namna tatu. Utazame kwanza: kuna ufa unaolizunguka jiwe? Uugonge kwa kiganja: jiwe lililoshikamana hutoa sauti kavu na fupi, lililoachia husikika kana kwamba ndani kuna uwazi. Halafu livute kidogo kuelekea chini, usilivute nje, kwa kuwa kulivuta nje ndiko kunakoling'oa. Aina ya mwamba nayo ina maneno yake. Kuta nyingi za Death Valley ni kokoto zilizogandishwa kwa udongo mgumu. Zina vishikio kila mahali, na kila kimoja kinaweza kukutoka mkononi. Mosaic Canyon ni kinyume chake: ni marumaru iliyosuguliwa na mafuriko hadi ikawa laini, haing'oki lakini inateleza, hasa soli ikiwa na mchanga. Pangusa soli kwenye suruali kabla ya kukanyaga. Mawe ya mchanga ya Utah yakilowa hupoteza nguvu kwa kiasi kikubwa, na kishikio kilichombeba mtu jana kinaweza kukatika leo. Baada ya mvua subirini siku moja hadi tatu, mpaka mchanga ulio chini ya ukuta uwe mkavu hata ukiufukua.

Kama kundi lina mtu asiye na uzoefu, kamba ya mita 15 yenye unene wa milimita 8 inafaa kubebwa. Izungusheni nyuma ya jiwe kubwa lisilotikisika, ncha zote mbili zifike chini, na kila anayeshuka ashike nyuzi zote mbili kwa pamoja. Akishika uzi mmoja, kamba itakimbia kuzunguka jiwe naye ataanguka nayo. Kamba isizungushwe kwenye kifundo cha mkono, kwani mtu akiteleza itamvunja. Wa mwisho akishafika chini, mnavuta ncha moja na kamba inatoka. Kabla ya kuivuta, jiulizeni kama mbele mna hakika ya njia. Mkishaivuta na mbele kukawa na ukuta usioshukika, mmefungiwa katikati.

Jambo la mwisho ni mawe yaliyokwama katikati ya kuta mbili. Yanaonekana yametulia, lakini mengine yameshikiliwa na ncha ndogo tu. Mwezi Aprili 2003, Bluejohn Canyon, Utah, jiwe la namna hiyo lilimgeukia Aron Ralston likaubana mkono wake wa kulia. Alikuwa peke yake na hakuwa amemwambia mtu yeyote anakokwenda; alitoka baada ya siku tano kwa kuukata mkono wake. Msijivute kwa jiwe lililokwama bila kulijaribu, msikae chini yake wakati mwenzenu yuko juu yake, na anayeangusha chochote, hata kokoto, apige kelele ya "Jiwe!" papo hapo.

SWALI: Nawezaje kujua kama ukoko wa chumvi utanibeba? Nimeona picha za magari yaliyozama. F.A.

JIBU: Tuanze na kilicho chini. Uwanda wa chumvi ni sakafu ya ziwa lililokauka, na mara nyingi maji yapo bado, sentimita chache au mita chache chini ya uso. Hupanda kupitia tope, hukauka juu, na huacha chumvi. Yale maumbo ya pembe nyingi yanayopigwa picha sana Badwater, uwanda wa chumvi wa Death Valley, yana sababu yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba maji mazito ya chumvi huzama chini ya kingo za kila umbo, na yale mepesi hupanda katikati, hivyo chumvi hurundikana kwenye kingo. Kwa mtembeaji maana yake ni hii: kanyaga katikati ya umbo. Kingo zimeinuka, mara nyingi zina uwazi chini yake, huvunjika na kumkwaza mtu, na uzuri unaoharibika hapo haurudi kesho.

Soma rangi. Nyeupe kavu isiyong'aa, inayotoa mlio wa kuvunjavunja chini ya buti, ni salama kwa mtu wa miguu. Kijivu, kahawia au mng'ao wa unyevu ni dalili kuwa maji yako karibu na ukoko ni mwembamba. Sehemu dhaifu kuliko zote ni pembezoni, kwa sababu maji yasiyo na chumvi nyingi kutoka milimani hufika hapo kwanza na kuyeyusha ukoko. Mtu anaweza kuzama hadi magotini hatua 20 kutoka ufukweni, halafu akatembea kilomita nzima katikati bila tatizo. Tembea na fimbo, ichome mbele kwa nguvu kila hatua chache. Ikipenya kwa urahisi, rudi kwa nyayo zako zilezile. Mguu ukizama, vua begi, keti au lala chali kuutawanya uzito, uuchezeshe mguu taratibu mpaka tope liuachie, kisha tambaa kurudi ulikotoka. Kuuchomoa kwa nguvu huuzamisha ule mwingine.

Ukoko uliobeba watu wiki iliyopita unaweza usiwabebe baada ya mvua. Mvua ya Agosti 2023 tuliyoitaja hapo juu iliacha ziwa juu ya uwanda wa Badwater lililodumu miezi kadhaa. Na gari lisiingie kamwe. Ukoko unaombeba mtu haulibebi gari, na ndani ya hifadhi ni marufuku kuendesha nje ya barabara.

Si kila chumvi ni ya kutembelewa kwa raha. Devil's Golf Course, kilomita chache kaskazini mwa Badwater, ni msitu wa ncha ngumu za chumvi. Anayeanguka pale hutoka na majeraha marefu yaliyojaa chumvi, wengine na mifupa iliyovunjika. Vaa glavu, suruali ndefu, na usikimbilie picha. Racetrack Playa nayo, ambako mawe husogea yenyewe yakiacha michirizi (mwaka 2014 ilithibitishwa kuwa yanasukumwa na vipande vyembamba vya barafu vinavyoendeshwa na upepo mwepesi), ni tope lililokauka. Likiwa limelowa usilikanyage, kwa sababu unyayo mmoja hubaki miaka.

Tukumbushe na mwanga. Chumvi nyeupe huurudisha mwanga wa jua juu, kwa hiyo kofia pana peke yake haitoshi. Paka krimu chini ya kidevu, chini ya pua na nyuma ya masikio. Miwani iwe ya giza na iliyozibwa pembeni. Macho yakiungua hutayahisi papo hapo. Saa kadhaa baadaye ndipo huanza kuwasha kana kwamba yana mchanga.

SWALI: Kwenye korongo jembamba nukta yangu kwenye simu inarukaruka, mara iko ng'ambo ya ukuta. Simu ni mbovu? B.T.

JIBU: Simu ni nzima. Kati ya kuta ndefu inaona kipande kidogo tu cha anga, na ishara za setilaiti zinagonga kuta kabla ya kuifikia, hivyo umbali unakosewa kwa makumi ya mita. Pakua ramani kabla ya kuondoka, iweke simu kwenye hali ya ndegeni ili betri isiishe, halafu hesabu matawi ya korongo kwa mdomo: la kwanza kushoto, la pili kulia. Ukipanda korongo, kila njia panda ni nafasi ya kupotea, kwa kuwa matawi yanagawanyika mbele yako. Ukishuka yanaungana, na hatari inabadilika: ni kupitiliza mahali pa kutokea. Kwa hiyo kila unapotoka kwenye tawi kwenda korongo kuu, geuka utazame nyuma. Utakaporudi, sura utakayoiona ni hiyo.

Kwenye uwanda wa chumvi tatizo ni jingine kabisa. Hakuna kitu cha kushika kwa macho, mazigazi hufuta miguu ya milima, na mlima ulio kilomita 15 huonekana wa nusu saa. Chagua kilele, si kitu kilicho chini yake, upime mwelekeo wake kwa dira, na uufuate. Kosa la nyuzi tano kwenye mwendo wa kilomita 8 hukutoa nje kwa mita 700. Usisahau tofauti kati ya kaskazini ya ramani na ya dira. Death Valley ni karibu nyuzi 11 mashariki, na asiyeirekebisha hukosea kwa kilomita moja na nusu katika mwendo huohuo.

SWALI: Mwenzetu akianza kuongea mambo yasiyoeleweka kwenye joto, tumpe maji tu na kumpumzisha? R.H.

JIBU: Hapana. Anayetoa jasho jingi, amelegea, ana kichefuchefu lakini anajibu maswali vizuri, huyo ni uchovu wa joto: kivuli, kupumzika, maji yenye chumvi kidogo, na safari imeishia hapo. Anayepepesuka, anayegombana bila sababu au asiyejua yuko wapi ana kiharusi cha joto, hata kama ngozi yake bado ina jasho. Joto la ndani limepita nyuzi 40 na kila dakika inaharibu ubongo.

Mpozeni kwanza, kumbeba baadaye. Mpelekeni kivulini na mtandike mabegi chini yake, kwa sababu ardhi yenyewe ni tanuri: Furnace Creek iliwahi kupimwa nyuzi 93.9 kwenye uso wa ardhi, Julai 1972. Mvueni nguo za juu, mlowesheni mwili mzima, mpepeeni bila kuacha. Hewa kavu ya jangwani inayakausha maji upesi, na ndiko kunakopoza, kwa hiyo lowesheni tena na tena. Tumieni hata maji ya kunywa, mkibakiza ya kuwatosha wanaotembea kutafuta msaada. Asiye na fahamu kamili asinyweshwe kitu, na dawa za kushusha homa hazisaidii hapa. Kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti hakifanyi kazi vizuri ndani ya mwanya. Mmoja aende nacho mahali anga linapofunguka, akiwa na karatasi iliyoandikwa mahali mlipo.

Na njia nyepesi zaidi ni kutofika hapo. Tembeeni sehemu za chini za Death Valley kati ya Novemba na Machi. Wakati wa kiangazi uongozi wa hifadhi hushauri watu wasitembee huko chini baada ya saa nne asubuhi.

SWALI: Viatu gani, na tuvitunzeje baada ya chumvi? L.N.

JIBU: Korongoni, viatu vyepesi vyenye soli ya mpira laini inayonata, vinavyobana kisigino, buti nzito ngumu hazihisi mwamba. Funika mdomo wa kiatu kwa kitambaa cha kuzuia kokoto. Kwenye chumvi vaa vile usivyovionea huruma. Siku hiyohiyo vioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje, fungua kamba zote, vikauke kivulini. Chumvi iliyobaki hula vishimo vya chuma vya kamba na kuipasua ngozi. Miguu yako nayo ioshe. Soksi zenye chumvi hukwangua ngozi upesi.

SWALI: Je, mbwa anaruhusiwa? Na haja tunamalizia wapi? G.P.

JIBU: Death Valley mbwa haruhusiwi kwenye njia za miguu wala nje ya barabara, anabaki barabarani, kambini na maeneo ya kuegesha. Haja kubwa, kwenye eneo la wazi, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka mkondo wowote hata kama ni mkavu, na karatasi urudi nayo. Ndani ya korongo jembamba au kwenye uwanda wa chumvi hakuna pa kuchimba: beba mifuko maalumu yenye unga wa kugandisha, utoke na kila kitu. Ukienda kando kutafuta faragha huko Utah, pita juu ya mwamba au kwenye mchanga wa mkondo. Ule udongo mweusi wenye vinundu ni ukoko hai wa bakteria, kuvu na kuvumwani; ndio unaoushika mchanga usipeperuke, na ukikanyagwa huchukua miaka mingi kurejea.